Uzi: Vijiji vya Ujerumani na milima ya Uswisi kwa basi la wastaafu

Mleta uzi

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, na mambo vipi kwa wengine.

Nyuzi za Ulaya humu nyingi ni za viza, za kubeba boksi, au za mtu kasimama mbele ya mnara. Leo nawaletea basi. Mama yangu alikuja kunitembelea hapa Würzburg, na parokia ninayosali hukodi basi kila kiangazi kwa ajili ya wazee wake. Nafasi zilibaki, tukajichomeka. Njia ilikuwa hivi: Würzburg kushuka kusini kwa ile njia ya watalii inayoitwa Romantische Straße hadi Füssen, chini ya milima ya Alps. Kisha Lindau, tukaingia Uswisi kupitia Appenzell, Luzern, Interlaken, tukarudi kwa kukatiza milimani. Wiki na ushei.

Kwa watu wa Mwanza: Würzburg ni mji rafiki wa jiji lenu tangu 1966, kwa hiyo mkifika msijione wageni sana.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kwenye safari ya namna hii cha kulipia ni barabara ya kijijini. Kasri na kilele cha mlima ni nyongeza, tena nyongeza ghali. Ukichagua msafara unaokimbilia autobahn, zile barabara kuu za mwendo kasi, ili uwahi kasri, umelipa hela yako kutazama kuta za kuzuia kelele na migongo ya malori.

Nashusha kwa awamu.

Kijukuu wa Igoma

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu, uzi wa safari bila picha?

Mleta uzi

Picha zimejaa sura za wazee wa watu. Huku hurushi sura ya mtu mtandaoni bila ridhaa yake. Vumilia maneno.

Nianze na dereva, maana ndiye aliyemshangaza mama kuliko milima.

Mwongoza msafara alikuwepo, mama wa makamo mwenye maikrofoni na maneno mengi, lakini ratiba haikuwa yake. Haikuwa ya dereva pia. Ilikuwa ya takografu, kifaa kidogo kwenye dashibodi kinachoandika kila dakika gari linapotembea na linaposimama. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka dereva akishaendesha saa nne na nusu apumzike dakika 45. Anaweza kuzigawa, 15 kwanza halafu 30. Kwa siku mwisho ni saa 9 za usukani, na mara mbili tu kwa wiki anaruhusiwa kufika 10. Askari akikusimamisha anaweza kudai kumbukumbu za siku 56 nyuma. Ujanja wa "jana nililala vizuri afande" haupo.

Nje ya Dinkelsbühl tuliegesha kula. Jua kali, basi linachemka. Bibi mmoja akamwomba dereva asogeze gari mita tatu tu, liingie kivulini. Dereva yuko chini, anakula mkate wake taratibu. Akajibu kwa upole kabisa: nikisogeza, mapumziko yangu yamekatika na naanza kuhesabu upya. Wale wazee wote wakaelewa, wakatoa miavuli. Mama, mtu wa mabasi ya Dar–Songea, akaniuliza mara mbili kama nimetafsiri sawasawa.

Mwendo nao ni 80 kwenye barabara za kawaida, na 100 autobahn kwa mabasi yaliyokaguliwa na kuruhusiwa. Ile hadithi kwamba Ujerumani watu hukimbia wanavyotaka ni ya magari madogo, tena si kila mahali.

Fundi Makanika

Hiyo si kama VTS ya LATRA tu, kile kifaa cha kufuatilia mabasi yetu? Na sisi mabasi ni 80.

Mleta uzi

Wazo ni ndugu, mkuu. Mimi nasimulia nilichokiona.

Dada wa Tandika

Swali la msingi: kuchimba dawa mnafanyaje?

Mleta uzi

Nilijua litakuja. Vichakani hakuna. Basi lina choo chake pale mlango wa katikati, lakini dereva anaomba kiwe cha dharura tu. Mnasimama kwenye vituo vya barabarani. Kwenye vile vikubwa vya autobahn unaweka euro moja kwenye geti, geti linakutemea kikaratasi cha thamani hiyo hiyo cha kupunguzia bei dukani. Mama alikasirika kulipia haja ndogo, halafu akaanza kukusanya vikaratasi vya waliovitupa. Mpaka tunafika Füssen alikuwa na rundo zima.

Chupa za plastiki pia msitupe. Nyingi zina senti 25 za rehani kila moja, unarudisha dukani unapewa hela yako.

Kijukuu wa Igoma

Mama mjasiriamali. Endelea.

Mleta uzi

Vijijini sasa.

Kwanza ni kimya. Saa sita mchana unapita kijiji kizima, nyumba safi, maua dirishani, paa jekundu, na huoni mtu. Mama aliuliza kama kuna msiba mahali. Watu wako kazini mjini, watoto wako shule, na mkulima aliyebaki yuko peke yake juu ya trekta lenye ukubwa wa nyumba, analima eneo ambalo kwetu lingelisha ukoo. Jumapili ni zaidi: maduka yamefungwa kisheria, kengele za kanisa ndizo zinazosikika.

Mapaa ya mazizi yamefunikwa na paneli za jua. Tangu sheria ya mwaka 2000, mwenye paneli alihakikishiwa bei ya umeme wake kwa miaka 20, basi wakulima wakavamia. Mahindi nayo usidhani ni ya kuchoma. Mengi ni chakula cha ng'ombe au yanaingia kwenye matangi ya gesi.

Halafu kuna vibanda. Kando ya njia unakuta kibanda cha mbao hakina muuzaji. Ndani kuna mayai, viazi kwenye mifuko, asali, karatasi ya bei iliyoandikwa kwa mkono, na kisanduku cha chuma chenye tundu la kutumbukizia hela. Jirani yake kuna shamba la maua, kisu kimefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, unakata mwenyewe na kulipa mwenyewe. Basi lilisimama pale wazee wachukue viazi. Mama akasogea kibandani, akapiga hodi. Akapiga tena. Nilipomweleza hakuna mtu, akatazama kushoto na kulia, akatumbukiza hela yake, halafu akabaki amesimama kidogo, nadhani alikuwa anasubiri chenji.

Rothenburg ob der Tauber nitaipita haraka. Ni mzuri, una ukuta wa zamani unaotembea juu yake, una msongamano wa watalii kama Kariakoo mkesha wa Idi. Lakini mji wa kulala ni Nördlingen.

Nördlingen umekaa ndani ya shimo la kimondo. Kiliangukia hapo miaka karibu milioni 15 iliyopita, kikachimba bonde la kipenyo cha kilomita 25 hivi. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ni volkano, mpaka 1960 Mmarekani Eugene Shoemaker na mwenzake Edward Chao walipokuta kwenye mawe yake madini ambayo volkano haiwezi kuyatengeneza. Wanaanga wa Apollo 14 waliletwa hapa 1970 kujifunza kusoma mawe kabla ya kwenda mwezini. Ukuta wa mji bado mzima, umezunguka duara. Kanisa la Mtakatifu Georg limejengwa kwa mawe ya mshindo ule ule, na ndani yake kuna almasi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Usihangaike na patasi.

Panda mnara wake, una mita 90. Juu pale unaona paa za mji, nje ya ukuta mashamba ya tambarare, na mbali pande zote ukingo wa vilima. Ule ndio mdomo wa shimo. Tangu saa nne usiku mlinzi wa mnara hupaza sauti kila nusu saa hadi saa sita: "So, G'sell, so!" Mama alidhani mlevi. Wazee walikuwa madirishani na nguo za kulalia wanamsikiliza.

Binti Songea

Mkuu umesema mama ni wa Songea? Hiyo njia yenu si inapita karibu na St. Ottilien?

Mleta uzi

Umenitangulia, dada. Ndiyo sababu hasa mama alikubali kupanda basi.

Kwa wasiojua: St. Ottilien ni abasia ya Wabenediktini wamisionari, kusini mwa Bavaria, upande wa magharibi wa München. Watu wao walianza Pugu 1888, wakafungua Peramiho 1898, Ndanda 1906. Mama alizaliwa hospitali ya Peramiho, na ubini wa nusu ya mapadre wa utotoni kwake ulikuwa wa Kijerumani. Alitaka kuona wanakotoka.

Wanatoka shambani. Hilo lilimfurahisha kweli. Abasia ina ng'ombe, karakana, kiwanda cha uchapaji, harufu ya samadi mpaka mlango wa kanisa. Akasema sasa anaelewa kwa nini Peramiho ilikuwa na useremala na mashine za kila aina. Bruda mmoja mzee sana, aliyefanya kazi kusini kwetu ujanani, aliitwa aje kumsalimia. Mama akaamkia. Bruda akaitikia "marahaba" bila kusita, kisha akauliza kama barabara ya Mbinga imeshawekwa lami. Wakakaa kwenye benchi wakiongea habari za mvua na mahindi, basi zima likasubiri. Takografu safari hii ilitufaa, dereva alikuwa anamalizia dakika zake.

Binti Songea

Nimefurahi. Ila na makumbusho yao uyaseme. Vitu vya babu zetu vimejaa mle.

Mleta uzi

Vimo. Makumbusho ya kimisionari yana ngoma, silaha, vinyago, na wanyama waliokaushwa, vingi vya Afrika Mashariki. Maelezo ukutani siku hizi yanakiri kwamba kuna maswali kuhusu namna vitu vilivyopatikana. Mama alisimama mbele ya mikuki muda mrefu, hakutaka nimsomee.

Mzee wa Matogoro

Wajukuu, kumbukeni yote. Kwenye vita vya Majimaji Peramiho ilichomwa, Askofu Cassian Spiss akauawa 1905 akiwa njiani, na mwaka uliofuata Wajerumani wakamnyonga Songea Mbano na wenzake. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa Songea Novemba 2023 akaomba radhi. Abasia nzuri, mazizi mazuri, lakini mtu asipite pale kama anapita bustanini.

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Nimepokea. Ndani ya basi habari hiyo ilizungumzwa pia, mwongoza msafara aliitaja mwenyewe kwenye maikrofoni. Wazee wengi walikuwa hawajui kabisa kwamba kulikuwa na vita.

Neuschwanstein nayo: kasri la mfalme Ludwig wa Pili, ujenzi ulianza 1869, mfalme akafa maji 1886 kazi haijaisha, na wiki chache baadaye tayari walikuwa wanakatisha watu tiketi. Mwaka 2025 makasri yake yameingia orodha ya Urithi wa Dunia. Basi linaishia chini. Unapanda kilima kwa miguu au kwa gari la farasi, unaingia kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, unazungushwa kama nusu saa, picha ndani marufuku. Ukikosa saa yako imekula kwako. Nje linapendeza. Ndani, mimi ningebaki chini na maandazi yangu.

Kapteni Mbezi

Uswisi mkuu, Uswisi. Tunazeeka.

Mleta uzi

Haya. Kutoka Lindau unakatiza kipande cha Austria, unaingia Uswisi. Pasipoti haikugongwa, maana Uswisi iko ndani ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu 2008. Lakini haiko Umoja wa Ulaya, na hapo ndipo wengi wanapigwa:

Simu. Kifurushi chako cha Ujerumani kinaweza kisifanye kazi ng'ambo ile, na ukiacha data imewashwa bili inakuja ya kufa mtu. Plagi ya Kijerumani ile nene ya duara haiingii ukutani, kwao kuna matundu matatu ya aina yao. Hela ni faranga. Na forodha ipo: nyama mwisho kilo moja kwa kichwa. Hili wazee wanalijua kuliko katekisimu, kwa sababu bei za Uswisi zinatisha. Kila mmoja alikuwa na soseji zake zimepimwa, na aliyezidisha alimkabidhi jirani yake kabla ya mpaka.

Appenzell ni vilima vya kijani vilivyonyolewa. Ng'ombe wana kengele shingoni na unazisikia kabla hujawaona. Juni wanapandishwa malishoni juu, Septemba wanashushwa wamevishwa maua. Majani ya kukausha kwa chakula cha ng'ombe yanakatwa hata kwenye mteremko ambao mbuzi angefikiria mara mbili, na serikali inamlipa mkulima ili asiache. Pale uwanjani wananchi bado hupiga kura kwa kunyoosha mikono kila Aprili. Wanawake walikatazwa kura hiyo ya jimbo mpaka mahakama kuu ilipolazimisha, mwaka 1990. Sikukosea tarakimu. Mama alicheka hadi akashika kiti cha mbele.

Luzern tulipata mvua. Daraja la mbao la kale lipo, sehemu kubwa liliungua 1993 likajengwa upya. Watu wa Ifakara: masista wa Baldegg, waliokuja kwetu tangu 1921, nyumba yao mama iko jirani na hapo.

Kisha Lauterbrunnen, bonde lenye kuta za mwamba pande zote, na maporomoko ya Staubbach yanayoshuka karibu mita 300 mpaka maji yanageuka vumbi kabla hayajagusa chini. Kuyatazama ni bure.

Cha kulipia ni Jungfraujoch. Treni inapita ndani ya mlima Eiger kwenye handaki lililochimbwa 1896 hadi 1912, inakutoa mita 3,454. Bei ya kawaida kiangazi inazidi faranga 200 kwenda na kurudi. Mama akakataa, akabaki bondeni na wazee nusu ya basi wakila keki. Mimi nilipanda. Barafu ya Aletsch, ndefu kuliko zote za Alps, zaidi ya kilomita 20, ilionekana dakika chache kisha ukungu ukashuka. Nilipata maumivu ya kichwa na chokoleti.

Mtoto wa Marangu

Kaka au dada, mimi napandisha wageni Kilimanjaro. Mita 3,454 hujafika hata kambi ya Horombo, ambayo ni 3,720. Kichwa kinauma kwa sababu treni inakupandisha haraka, mwili haujajua. Sisi tunasema polepole si kwa adabu tu.

Mleta uzi

Mimi ni dada. Na umesema kweli. Mwenye presha au moyo aulize daktari kwanza. Na kabla ya kukata tiketi angalieni kamera za mlimani, zinaonyesha moja kwa moja mtandaoni. Kilele kikiwa kimefunikwa, nenda kale keki.

Siku iliyonikaa ni ya kurudi. Tulipanda Grimsel, mita 2,164, tukashuka Gletsch, tukapanda Furka, 2,429. Njia hizi wakati wa baridi hufungwa kwa theluji. Barabara inajikunja, basi refu, chini korongo. Ghafla ukasikika mlio wa noti tatu nyuma ya kona. Ni honi ya basi la njano la posta, noti zimechukuliwa kwenye opera ya Rossini ya Wilhelm Tell. Kwenye njia za mlimani zenye kibao cha bluu na honi ya njano, basi hilo ndilo lenye kauli, na dereva wake akikuelekeza lazima utii. Dereva wetu akasimama kabla ya kona, akakunja kioo cha pembeni, akabana ukutani. Lile la njano likatokea, tumeachana kiganja. Dereva mwenzake akafungua dirisha, akanyoosha kidole kuonyesha turudi nyuma kidogo, yeye akiangalia tairi letu. Likapita. Basi zima likapiga makofi, na mama akapiga kigelegele. Wazee walitaka awafundishe.

Juu ya Furka unaiona barafu ya Rhone. Katikati ya miaka ya 1800 ulimi wake ulifika hadi Gletsch bondeni. Sasa ni mwamba mtupu, na sehemu iliyobaki karibu na barabara inafunikwa mablanketi meupe kiangazi ili isiyeyuke haraka. Mablanketi yamechanika, yana matope. Uswisi ilipoteza asilimia 10 ya ujazo wa barafu yake ndani ya miaka miwili tu, 2022 na 2023.

Mtoto wa Marangu

Kibo tangu 1912 imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Wageni wananiuliza kila safari, na sisi hatuna mablanketi.

Kapteni Mbezi

Mkuu, bei na viza. Na mama alikula nini?

Mleta uzi

Bei yangu haitakusaidia, parokia ilichangia. Ila ujue kinachopandisha: idadi ya usiku mnaolala ndani ya Uswisi. Misafara mingi ya nafuu hulaza watu upande wa Austria au Ujerumani na kuingia Uswisi mchana. Si vibaya, lakini masaa ya kwenye kiti yanaongezeka. Chumba cha mtu mmoja kina nyongeza. Uliza kama tiketi za treni za mlimani zimo, kwa kawaida hazimo.

Viza ni moja ya Schengen kwa nchi zote tatu. Unaomba ubalozi wa nchi utakayokaa zaidi. Ada euro 90, bima isiyopungua euro 30,000, na fomu unaweza kupeleka hadi miezi sita kabla. Mwenye kibali halali cha ukaazi Ujerumani anaingia Uswisi bila viza nyingine.

Mama alikula viazi kila mahali kwa kila jina. Jibini ya moto iliyoyeyushwa aliinusa akairudisha. Alikuwa na chupa yake ya pilipili mkobani, na kufika Interlaken ilikuwa inazunguka meza nzima.

Binti Songea

La mwisho mkuu. Nisipopata msafara, St. Ottilien nafikaje mwenyewe?

Mleta uzi

Rahisi, dada. Kutoka München panda S4 hadi mwisho, Geltendorf. Hapo unabadili treni ndogo, kituo kinachofuata ni St. Ottilien chenyewe, unashuka unaona mnara wa kanisa. Usiende Jumapili saa ya misa kama unataka mtu wa kuongea naye. Na ukiwa na picha za Peramiho kwenye simu, zichukue.